Mtakatifu Edith Stein: Elimu Inayomtambua Mtu

Kila mwaka, ifikapo tarehe 9 Agosti, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, bikira na mfiadini, ambaye ulimwengu wa wasomi unamfahamu zaidi kwa jina lake la kuzaliwa, Edith Stein. Waamini wengi wanakijua kifo chake: mtawa wa Karmeli mwenye asili ya Kiyahudi, aliyeuawa na Wanazi katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Kazi yake inajulikana kwa wachache zaidi. Kabla ya kuvaa vazi la kitawa alikuwa muuguzi wakati wa vita, mwanafalsafa, mwalimu wa shule na mhadhiri, na katika nafasi hizo zote alifuatilia swali moja: mwanadamu ni nani, na mwenzake anaweza kumjua kweli kwa njia gani? Parokia zetu zina wauguzi, walimu, wanasheria, wahasibu na watumishi wa umma. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, tunayapitia maisha ya mtakatifu huyu tukilifuata swali hilo.

Edith alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo unaitwa Wrocław, nchini Poland. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 11 wa familia ya Kiyahudi, na siku aliyozaliwa ilikuwa Siku ya Upatanisho, iliyo kuu kuliko zote katika kalenda ya Wayahudi. Baba yake alifariki dunia kabla binti huyu hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Auguste, akabaki na watoto na biashara ya mbao. Akaiendesha kwa mikono yake mwenyewe, akaistawisha, na kuwasomesha wanawe huku akiishika imani ya mababu kwa uaminifu mkubwa.

Imani hiyo ya mama haikumwingia binti kwa urahisi. Akiwa na umri wa miaka ipatayo 15, Edith aliacha kusali, na aliacha kwa makusudi. Hakuwa mkaidi wala mtovu wa adabu. Alitaka tu asishike jambo lolote ambalo hajaliona ukweli wake. Mwaka 1911 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau, akasoma saikolojia, historia na lugha ya Kijerumani. Alitumaini kwamba saikolojia ingemweleza roho ya mwanadamu, lakini ile iliyofundishwa wakati huo ilishughulika zaidi na vipimo na majaribio, na hakuridhika. Ndipo alipovisoma vitabu vya mwanafalsafa Edmund Husserl, na mwaka 1913 akahamia Göttingen ili awe mwanafunzi wake. Husserl alikuwa mwanzilishi wa fenomenolojia, namna ya kufalsafa inayodai kwamba tuyatazame mambo jinsi yanavyojitokeza mbele ya ufahamu wetu kabla ya kuyafunika kwa nadharia. Kwa binti aliyekataa kujidanganya, shule hiyo ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, Edith aliweka vitabu pembeni. Mwaka 1915 alijitolea kama muuguzi wa Msalaba Mwekundu katika hospitali ya kijeshi ya Mährisch-Weisskirchen, mahali palipo leo katika Jamhuri ya Czech. Huko waliletwa askari wenye magonjwa ya kuambukiza, watu wa mataifa mbalimbali ya dola ya Austria na Hungaria, wakisema lugha ambazo muuguzi hakuzijua. Ilimpasa asome maumivu yao usoni, katika pumzi na katika mkono ulioshika shuka. Aliwahudumia wengi, na baadhi yao walifariki mbele yake.

Aliporudi masomoni alikamilisha tasnifu aliyokuwa ameianza kabla ya uuguzi. Tarehe 3 Agosti 1916, katika Chuo Kikuu cha Freiburg, alitunukiwa shahada ya uzamivu kwa alama za juu kabisa. Mada yake ilikuwa namna mtu anavyoyafahamu yale yanayopita katika nafsi ya mwenzake. Wahenga walituonya kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Na kweli, hakuna awezaye kuumwa kwa niaba ya mwingine. Edith aliuheshimu mpaka huo. Hata hivyo alionesha kwamba mpaka huo haututengi kabisa. Tunapomkuta mfiwa amejiinamia, hatuhitaji kupiga hesabu ndipo tujue kwamba ana huzuni. Huzuni yake tunaitambua palepale katika uso na mwili wake, lakini tunaitambua kuwa ni yake na si yetu. Lugha yetu ya Kiswahili inalijua jambo hili: tukimwambia mtu pole, tunakiri kwamba maumivu ni yake, na papo hapo tunakiri kwamba tumeyaona.

Kutoka katika msingi huo Edith alitoa mafundisho mawili yanayoigusa kila taaluma. La kwanza ni kwamba kumwelewa mwenzetu si sawa na kuambukizwa hisia zake. Anayelia kwa sababu umati unalia bado hajamwona mfiwa. La pili ni kwamba tunakosea sana tunapojifanya sisi wenyewe kuwa kipimo cha wengine, tukidhani kwamba kila mtu anaogopa tunachokiogopa na kutamani tunachokitamani. Zaidi ya hayo, aliutofautisha mwili kama kitu chenye uzito na vipimo na mwili ulio hai, unaohisi, ambao ndani yake kuna mtu. Daktari anaweza kuupima ule wa kwanza kwa usahihi mkubwa na bado asikutane na mgonjwa.

Husserl alimchukua kuwa msaidizi wake tangu mwaka 1916. Edith alitumia miezi mingi akisoma na kupanga maelfu ya karatasi ambazo mwalimu wake alikuwa ameziandika kwa hatimkato. Kazi ilikuwa nzito na nafasi ya kufikiri pamoja na mwalimu ilikuwa ndogo, kwa hiyo mwaka 1918 aliiacha. Akaomba kibali cha kufundisha chuo kikuu. Alinyimwa, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Alipeleka malalamiko kwenye wizara ya Prussia, na mwezi Februari 1920 waziri alitoa tamko kwamba jinsia ya mtu isiwe kizuizi cha kupata kibali hicho. Mlango ulifunguka kisheria, ingawa Edith mwenyewe hakupata kupita.

Wakati huohuo, jambo lingine lilikuwa likiendelea moyoni mwake. Mwezi Novemba 1917 rafiki na mwalimu wake Adolf Reinach aliuawa vitani. Edith alikwenda kumsaidia mjane wake, Anna, kuzipanga karatasi za marehemu, akiogopa atakavyomkuta. Akamkuta mwanamke mwenye majonzi lakini asiyevunjika, aliyeshikwa na tumaini lililotoka katika Msalaba wa Kristo. Msomi aliyekuwa amefundisha jinsi ya kuitambua nafsi ya mwingine aliona kwa mjane yule nguvu ambayo hakuweza kuieleza kwa falsafa yake. Hakuikana, kwa kuwa alikuwa amejizoeza kutokana kile anachokiona.

Majira ya kiangazi ya mwaka 1921, akiwa mgeni wa rafiki zake katika mji mdogo wa Bergzabern, aliyasoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila kama yeye mwenyewe alivyoyaandika. Safari yake ya kuutafuta ukweli ilipata mwelekeo. Tarehe 1 Januari 1922 alipokea Sakramenti ya Ubatizo katika kanisa la mji huohuo. Kumweleza mama yake kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote aliowahi kuufanya. Auguste, mjane shupavu ambaye watoto wake hawakumzoea kumwona akitoa machozi, alilia.

Edith alitamani kuingia Karmeli mara moja. Viongozi wake wa kiroho walimshauri asubiri, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya mema aliyoweza kuyatenda ulimwenguni. Kwa hiyo tangu mwaka 1923 hadi 1931 alifundisha lugha ya Kijerumani na historia katika shule ya wasichana na chuo cha ualimu cha masista Wadominikani wa Mtakatifu Magdalena, mjini Speyer. Hapo mwanzo alifikiri kwamba kumfuata Kristo kunamtaka aachane na mambo yote ya kidunia, usomi ukiwemo. Aliyembadilisha ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Alipokuwa akiyatafsiri kwa Kijerumani maandishi ya Thoma juu ya ukweli, alitambua kwamba kazi ya akili yaweza kutolewa kwa Mungu kama ibada, na kwamba kadiri mtu anavyovutwa kwa Mungu, ndivyo anavyopaswa kutoka na kuupeleka uzima wa kimungu ulimwenguni.

Tangu hapo fikra zake zilienea katika fani nyingi. Katika maandishi yake juu ya saikolojia, yaliyochapishwa mwaka 1922, alikuwa ameonesha kwamba matendo ya mwanadamu hayaelezeki kwa visababishi peke yake, kama jiwe linavyoanguka kwa kusukumwa. Mwanadamu hutenda pia kwa sababu anazozielewa na kuzichagua. Mshauri nasaha na mwanahistoria wote wawili wanauhitaji ukweli huo. Katika utafiti wake juu ya dola, uliotoka mwaka 1925, alifundisha kwamba kuna haki zilizo haki hata kabla serikali yoyote haijazitungia sheria. Kuhusu jamii, alitofautisha mahali ambapo watu wanatumiana kama vyombo na mahali ambapo wanakutana kama watu, wakiishi pamoja furaha na mzigo mmoja. Kuhusu wanawake, alizunguka katika miji ya Ujerumani, Austria na Uswisi akieleza kwamba hakuna taaluma ambayo mwanamke hawezi kuishika, na kwamba kipaji chake cha kumtazama mtu mzima, na si kazi tu, ni zawadi kwa ofisi, hospitali na bunge. Mhadhara wake wa Salzburg mwaka 1930 ulimfanya ajulikane sana.

Mwaka 1932 aliitwa Münster kufundisha katika taasisi ya Kikatoliki ya elimu ya malezi. Huko aliwaeleza walimu kwamba kila mtindo wa kulea umejengwa juu ya picha fulani ya mwanadamu, hata kama mwalimu hajawahi kuitafakari. Mwenye picha potofu atalea vibaya kwa bidii. Akawakumbusha pia kwamba mlezi mkuu ni Mungu, nao walimu ni wasaidizi wake.

Alikuwa akitoa mihadhara hiyo wakati Adolf Hitler alipoingia madarakani, tarehe 30 Januari 1933. Miezi michache baadaye, watu wenye asili ya Kiyahudi walifukuzwa katika utumishi wa umma, na Edith akapoteza nafasi yake. Mwezi Aprili mwaka huohuo alimwandikia Papa Pio XI, akimweleza yanayowapata Wayahudi wa Ujerumani na kumsihi Kanisa lisinyamaze. Alikuwa mmoja wa walioona mapema, maana kwa miaka mingi alikuwa amechunguza kinachotokea pale mtu anapoacha kuonekana kama mtu.

Milango ya kazi ilipofungwa, ule wa Karmeli ulifunguka. Mwezi Oktoba 1933 alikwenda Breslau kuagana na familia. Siku ya kuzaliwa kwake alimsindikiza mama yake sinagogini, wakarudi nyumbani pamoja, na siku iliyofuata akaondoka. Tarehe 14 Oktoba aliingia katika monasteri ya Wakarmeli mjini Köln. Aprili 1934 alivikwa vazi la kitawa na kupewa jina la Teresa Benedikta wa Msalaba. Alimwandikia mama yake kila juma, na kwa muda mrefu mama hakujibu. Auguste alifariki tarehe 14 Septemba 1936, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, siku ambayo binti yake alikuwa akirudia nadhiri zake. Baada ya kifo hicho dada yake Rosa naye alibatizwa.

Wakubwa wake wa shirika hawakumwacha azike kipaji chake. Chini ya kipindi cha sala na kazi za monasteri aliandika kitabu chake kikubwa juu ya kiumbe chenye mwisho na Mungu wa milele, akijaribu kuwakutanisha Husserl na Thoma. Kitabu hicho kilishindikana kuchapishwa wakati wa uhai wake kwa sababu mwandishi alikuwa Myahudi. Kilitoka mwaka 1950.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani kote. Ili asiwaletee hatari masista wenzake, siku ya mwisho ya mwaka huo Sista Benedikta alihamishiwa Karmeli ya Echt, nchini Uholanzi, na baadaye Rosa akamfuata. Lakini mwaka 1940 Uholanzi nayo ilivamiwa. Mwaka 1942 maaskofu Wakatoliki wa Uholanzi waliamua kupinga hadharani uhamisho wa Wayahudi, ingawa watawala waliwaonya wanyamaze. Tarehe 26 Julai barua yao ilisomwa makanisani. Kisasi kilikuja upesi: tarehe 2 Agosti Wayahudi waliobatizwa katika Kanisa Katoliki walikamatwa. Sista Benedikta na Rosa walichukuliwa jioni hiyo kutoka Echt. Alikuwa akiandika juu ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba.

Katika kambi ya Westerbork walionusurika walimkumbuka mtawa mtulivu. Baadhi ya akina mama walikuwa wamezama katika hofu hata wakashindwa kuwatazama watoto wao. Sista Benedikta aliwakusanya watoto hao, akawaosha, akawachana nywele na kuwalisha. Tarehe 7 Agosti treni iliondoka kuelekea mashariki, na tarehe 9 Agosti 1942 yeye na Rosa waliuawa kwa gesi ya sumu huko Auschwitz-Birkenau.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mauaji yale hayakufanywa na watu wasiosoma. Sheria za ubaguzi zilitungwa na wanasheria wenye shahada. Orodha za majina ziliandaliwa na makarani makini, na ratiba za treni zikapangwa na wataalamu wa reli. Penye vituo vya kushukia walisimama madaktari, wakiamua kwa ishara ya mkono nani afe mara moja na nani afanyishwe kazi kwanza. Wengi wao walikuwa mahodari katika fani zao. Walichokosa ni kile alichokifundisha Edith akiwa na umri wa miaka 24: kuutambua uso ulio mbele yao kuwa ni wa mtu, mwenye uhai wake wa ndani, asiyeweza kugeuzwa namba. Mwanafalsafa aliyefundisha hivyo, na walioandaa kifo chake, walitoka katika utamaduni mmoja na vyuo vya aina moja.

Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuwa naye mwanafalsafa na aliyemfahamu vema Roman Ingarden, rafiki wa Edith tangu enzi za Husserl, alimtangaza kuwa mwenyeheri mjini Köln tarehe 1 Mei 1987, na mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998. Mwaka huohuo, katika Waraka wake Fides et ratio kuhusu imani na akili, alimtaja miongoni mwa wanafikra waliounganisha mambo hayo mawili kwa ujasiri. Mwaka 1999 akamfanya msimamizi mwenza wa Ulaya. Baadhi ya Wayahudi waliumizwa na heshima hizo, wakisema kwamba aliuawa kwa sababu ya damu yake, kama mamilioni ya ndugu zake, na si kwa sababu ya ubatizo. Sauti hiyo tunapaswa kuisikiliza kwa unyenyekevu. Kanisa linakiri yote mawili: alikufa kama binti wa Israeli, na alikamatwa katika kisasi dhidi ya maaskofu waliosema ukweli. Yeye mwenyewe hakuona kwamba Kristo amemtenga na watu wake.

Urithi wake si wa maprofesa peke yao. Muuguzi wa zamu ya usiku anayemwita mgonjwa kwa jina lake badala ya namba ya kitanda anaufanyia kazi. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayejiuliza kwa nini mwanafunzi amenyamaza kabla ya kumwita mzembe, na kwa hakimu anayekumbuka kwamba sheria iliyopitishwa yaweza kuwa halali na bado isiwe ya haki. Mhasibu akiorodhesha majina ya watakaopunguzwa kazini, na afisa akigonga muhuri juu ya faili la mjane, wote wawili wanashika mkononi maisha ya mtu. Haitoshi kwamba hesabu ni sahihi na utaratibu umefuatwa. Wala hatuambiwi tupunguze ustadi. Edith alidai usahihi mkali kuliko wengi, akijua kwamba anayempenda mgonjwa bila kuijua dawa anaweza kumuua.

Twaweza kuanza na jambo dogo. Jioni, tunapochunguza dhamiri, tuwakumbuke watu waliopita mikononi mwetu kwa sababu ya kazi: tuliwaona wangapi, na wangapi tuliwapitisha tu? Majibu hayo tuyapeleke katika Ekaristi Takatifu, ambapo Kristo anatupokea kila mmoja kwa jina lake.

Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.